Dodoma, Mvua Huhesabiwa

Zifikapo wiki za mwisho za Novemba, mtu wa Dodoma anayeishi mbali na kwao akipiga simu nyumbani, salamu huwa fupi. Baada yake linakuja swali: "Huko mmepata mvua?" Jibu haliishii kwenye ndiyo au hapana. Ataambiwa, "Tumepata moja, ila haikulowesha." Au, "Zimenyesha mbili, hii ya pili ndiyo ya kupandia." Na msimu ukienda vibaya, huja jibu linaloumiza kuliko yote: "Tulikosa mvua moja, mwanangu. Moja tu, na mtama ungekomaa."

Ninamwomba msomaji alitazame vizuri jibu hilo la mwisho. Mkulima wa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, hakusema kwamba mvua zilikuwa chache au haba. Amesema ilikosekana moja, kama mfugaji anayerudi jioni na kukuta mbuzi mmoja hayumo zizini. Anaijua iliyokosekana, anajua ilipaswa kuja wiki gani, na anajua ingefanya kazi gani shambani. Hesabu hiyo ni sahihi kuliko namna tunavyoizungumzia mvua redioni, maofisini na katika mipango ya maendeleo. Kwa zaidi ya miaka 70 nyanda za kati zimelipa gharama kubwa kwa sababu waliopanga mambo yake waliisoma mvua kama jumla, wakati wenyeji waliihesabu moja moja.

Kiswahili chenyewe kina nyenzo ya kulieleza jambo hili. Jina mvua halibadiliki umbo kati ya umoja na wingi. Kinachobadilika ni kitenzi. "Mvua imenyesha" ni tukio lenye siku yake, saa yake na shamba lake. "Mvua zimenyesha" ni msimu. Mkulima huishi katika umoja: mvua ya kupandia, mvua ya palizi, mvua ya kukomazia. Taarifa za hadhara huandikwa kwa wingi: mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, mvua zilikuwa za kutosha, mvua zimechelewa. Wingi huo hausemi uongo, lakini humeza mambo yote ambayo mwenye jembe anataka kuyajua.

Lipo pia tumizi ambalo kila msomaji wa magazeti yetu analifahamu. Mshtakiwa akifungwa miaka 30, kichwa cha habari husema amepewa "mvua 30". Mwaka umeitwa mvua. Kwa Tanga au Unguja usemi huo unahitaji kuvumiliwa kidogo, maana huko mwaka mmoja una misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Nyanda za kati usemi huo umekaa mahali pake. Dodoma na Singida, pamoja na mikoa ya magharibi na kusini, zina msimu mmoja tu, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita kwa jina hilohilo, Msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Septemba mbingu haitoi karibu chochote. Msimu ukiharibika hakuna vuli ya kuja kusahihisha makosa ya masika. Aliyekosa mvua amekosa mwaka.

Hata hivyo masika na vuli ndiyo maneno yanayotawala mazungumzo ya taifa. Mtu wa Dodoma naye husema masika, lakini kwake neno hilo ni majira yote ya mvua, kinyume cha kiangazi. Basi mwezi wa pili au wa tatu redio inaposema kwamba mvua za masika zitakuwa chini ya wastani, taarifa hiyo ikiwa imekusudiwa ukanda wa pwani na nyanda za juu kaskazini mashariki, mama mmoja wa Chamwino anaweza kuisikia kama hukumu ya shamba lake. Neno ni moja, msimu si mmoja. Watangazaji wangetusaidia sana kama wangetaja mikoa kabla ya kutaja msimu.

Chanzo cha msimu mmoja ni mwendo wa ukanda wa mawingu ya mvua unaolifuata jua. Mwishoni mwa mwaka jua likielekea kusini, ukanda huo hushuka juu ya Tanzania. Januari huwa umetanda upande wa kusini mwa nchi na kwa majirani zetu, kisha Machi na Aprili hurudi kaskazini. Mahali kama Arusha na Mwanza ukanda hupita mara mbili, kwenda na kurudi, na kila mpito ni msimu. Dodoma iko kwenye digrii 6 hivi kusini mwa ikweta, na kwake mipito hiyo miwili imekaribiana hadi imeungana kuwa kitu kimoja. Kuungana huko si kwa kukaza. Ukanda ukiegemea kusini sana, kati ya Januari na Februari huja wiki mbili, wakati mwingine tatu au zaidi, za jua kali katikati ya msimu. Wataalamu huziita vipindi vya ukavu. Hapo ndipo ile mvua moja hupotea.

Kuna jambo la pili, la milima. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hukutana na Uluguru, Ukaguru na Rubeho kabla ya kufika Ugogo, na huiacha sehemu kubwa ya unyevu wake huko. Kinachofika katika uwanda wa Dodoma, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni mabaki. Kwa mwaka mji hupata wastani wa milimita 570 hivi, na karibu zote huja kati ya Desemba na Machi.

Milimita 570 ni kiasi gani? Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo kila mita ya mraba ya ardhi ya Dodoma hupokea lita 570 kwa mwaka. London, jiji ambalo dunia nzima inalijua kwa mvua, hupata kiasi kisichopishana sana na hicho, karibu milimita 600. Kama jumla ingekuwa ndiyo mvua, Dodoma na London zingefanana. Lakini London hupata maji yake kidogo kidogo mwaka mzima, chini ya jua dhaifu. Dodoma huyapata ndani ya miezi michache, kwa vishindo, halafu jua na upepo vina uwezo wa kukausha mara tatu ya kile kilichonyesha. Tarakimu moja, nchi mbili tofauti kabisa.

Tuiweke hesabu shambani. Tuchukue mashamba mawili ya mfano, yote ya mahindi, yote yaliyopata milimita 480 kwa msimu. La kwanza limenyeshewa mara 24, kila mvua milimita 20, kila baada ya siku tano. La pili limenyeshewa mara nane, kila mvua milimita 60, mbili zikiwa ndani ya wiki moja, na katikati kukawa na siku 25 za ukame wakati mahindi yanatoa mbelewele. Kwa jumla mashamba haya ni sawa. Kwa mavuno, la kwanza lina gunia na la pili lina mabua ya kulishia ng'ombe. Mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua hayasamehe; mvua inayokuja baadaye huyakuta yamekwisha kuamua. Tena mvua ya milimita 60 kwa siku haiingii yote ardhini. Mamlaka ya Hali ya Hewa huhesabu milimita zaidi ya 50 ndani ya saa 24 kuwa mvua kubwa, na kwenye udongo wa Dodoma ulioshikamana baada ya miezi saba ya jua, sehemu kubwa ya mvua ya namna hiyo hukimbilia korongoni ikiwa imebeba na udongo wenyewe.

Ndiyo maana mtama na uwele vilikuwa vyakula vya nchi hii muda mrefu kabla ya mtaalamu yeyote kuvipendekeza. Mtama una uwezo ambao mahindi hayana: ukikosa maji husimama, hukunja majani, husubiri, na mvua ikirudi huendelea. Mbegu zilizotolewa na watafiti wetu, kama mtama aina ya Macia na uwele aina ya Okoa, zimeongeza sifa ya kukomaa mapema. Mkulima anayepanda mbegu hizo anapunguza idadi ya mvua anazozihitaji. Nasisitiza idadi. Ukimwambia kwamba mbegu fulani inahitaji milimita 350 atakusikiliza kwa heshima; ukimwambia inaweza kuvuka wiki tatu bila mvua, umemwambia jambo analoweza kulifanyia kazi.

Sasa tulitazame neno wastani, ambalo limezoeleka mno katika utabiri. Katika lugha ya utabiri wetu wa msimu, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya kiwango cha miaka mingi. Kwa Dodoma, neno hilo moja limebeba kila kitu kuanzia milimita 430 hivi hadi 710 hivi. Ndani ya pengo hilo kuna mwaka wa njaa na mwaka wa kujaza vihenge, na yote miwili itaitwa wastani. Lazima niwe mwadilifu hapa: utabiri unaotolewa na Mamlaka kabla ya Msimu kuanza hutaja pia wiki zinazotarajiwa za mvua kuanza na kwisha, mtawanyiko wake, na uwezekano wa vipindi virefu vya ukavu. Mambo yanayomfaa mkulima yamo. Hupotea njiani, kati ya chumba cha habari na kijiji, kwa sababu mhariri huchukua sentensi ya kwanza, nayo ni ya jumla. Ofisa ugani akipokea habari hiyo tayari imekatwa mikono na miguu.

Gharama kubwa zaidi ya kusoma mvua kwa jumla ililipwa Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulipita nchini na kupendekeza mashamba ya karanga yenye ukubwa wa ekari 3,210,000, sehemu kubwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rodesia ya Kaskazini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mengi yameandikwa kuhusu matrekta yaliyovunjika na mizizi ya vichaka iliyowashinda, na yote ni kweli. Lakini kiini cha mkasa huo ni mvua na udongo. Karanga huhitaji udongo laini mara mbili: mara ya kwanza ua likishachanua na kuteremsha kikonyo chake kiingie ardhini kuzaa, na mara ya pili wakati wa kung'oa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Ukikosa maji huwa mgumu kama saruji. Mvua ikikatika Februari kikonyo hakipenyi. Ikikatika mapema mwishoni, karanga hubaki zimefungwa chini na mashine haiwezi kuzitoa. Hakuna wastani wa mwaka unaoweza kukuonya kuhusu hilo. Ni hesabu ya mvua moja moja inayoonya, na hesabu hiyo walikuwa nayo Wagogo na Wakaguru waliokuwa wakichunga ng'ombe na kupanda uwele pale pale. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Leo sehemu ya ardhi ile ni ranchi ya taifa, yaani imerudi kwenye kazi ambayo wenyeji walikuwa wameichagua tangu mwanzo.

Mvua ya Ugogo ina tabia nyingine inayozidisha ugumu wa jumla: hunyesha kwa madoa. Wingu moja linaweza kuilowesha Mpunguzi na kuiacha Mvumi na vumbi lake. "Mvua imepita kwa jirani" ni usemi wa kila siku, tena huyo jirani anaweza kuwa kilomita mbili tu kutoka hapo. Wazee walilijua jambo hili, na makazi yao yalilizingatia. Kaya za Wagogo zilikuwa zimetawanyika, tembe moja huku na nyingine kule, mashamba mbali mbali, na mifugo iliweza kugawanywa kwa ndugu na marafiki wa sehemu nyingine. Aliyekosa mvua upande mmoja alikuwa na tumaini upande wa pili. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, iliyofuata ukame wa mwaka 1969, iliwakusanya watu vijijini kwa nia ya kuwafikishia shule, zahanati na maji. Huduma hizo zilihitajika na sitaki kuzibeza. Nasema tu kwamba watu waliokuwa wameeneza hatari yao juu ya mawingu mengi walijikuta wakilitegemea wingu moja, na sijaona mahali jambo hilo lilipowekwa kwenye mizani wakati ule.

Tembe yenyewe ni ushahidi wa mvua. Paa lake ni bapa, la miti na udongo, na paa la namna hiyo linawezekana tu mahali ambapo mvua ni chache na jua huwahi kurudi. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo tembe huvuja, na ikizidi huanguka. Mjenzi wa tembe aliisoma mvua ya nchi yake na kuiandika kwa udongo.

Zamani mvua ilikuwa pia suala la uongozi. Ugogo iligawanyika katika nchi ndogo ndogo, na kila nchi ilikuwa na mtemi wake, mwenye kigoda na mawe ya mvua, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kulinda rutuba na afya ya nchi kuliko kuamuru majeshi. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, ambaye kitabu chake juu ya ng'ombe na ukoo wa Wagogo kilitoka mwaka 1969, aliandika kuhusu mbeho, neno la Kigogo lenye maana ya upepo au baridi, ambalo hutumika pia kwa hali ya nchi: nchi inaweza kuwa na mbeho nzuri au mbaya. Mvua ikikatika, watu hawakuuliza tu mawingu yamekwenda wapi. Waliuliza nini kimeharibika kati yao. Siamini kwamba mawe huleta mvua. Lakini swali lile la pili lina busara ambayo tumeipoteza, na historia ya Ugogo inaonyesha kwa nini.

Njaa iliyobaki katika kumbukumbu za Wagogo kuliko nyingine zote huitwa Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920. Mvua zilikosekana, ndiyo. Lakini kabla ya mvua kukosekana, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza, katika Vita Kuu ya Kwanza, yalikuwa yamepita, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, na yakachukua wanaume wenye nguvu wakawe wapagazi. Mwanahistoria Gregory Maddox ameieleza Mtunya kwa kina, na makadirio ni kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu 150,000 hivi. Ugogo ilikuwa imepitia miaka mibaya mingi kabla ya hapo, na njia zake za kuivuka zilijulikana: akiba ya vihenge, ng'ombe wa kubadilishana na nafaka, ndugu wa kukimbilia. Vita viliviondoa vyote hivyo, kisha ukame ukakuta watu mikono mitupu. Mathias Mnyampala, mshairi mkubwa wa Kiswahili na mwandishi wa historia, mila na desturi za Wagogo, alizaliwa mwaka 1917 huko Dodoma, Mtunya ilipokuwa ikianza. Kizazi chake kilikua kikijua kwamba neno ukame linaweza kufunika mambo mengi yaliyotendwa na watu. Nasi tukisikia leo kwamba njaa fulani imeletwa na mvua, tunapaswa kuuliza kihenge kilikuwaje kabla mvua haijakatika, nani alinunua nafaka wakati wa mavuno na kwa bei gani, na barabara ilikuwaje.

Mpaka hapa nimesema kwa niaba ya mkulima, anayetaka mvua nyingi za kadiri zilizopangana vizuri. Jiji la Dodoma linataka kinyume chake, na hapa neno mvua hugawanyika vipande viwili.

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Vina vya maji chini ya ardhi vimepimwa huko tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo ni miongoni mwa zile ndefu na zenye thamani kubwa za aina yake katika Afrika. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa chuo kikuu cha University College London, pamoja na wataalamu wa Wizara yetu ya Maji, walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo. Waligundua kwamba katika misimu ya kawaida bonde halijazwi kwa kiasi cha kutosha. Kina cha maji hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha ghafla hupanda kwa kishindo baada ya msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997/98, halafu huanza kushuka tena. Misimu michache mikubwa ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya maji yote yaliyoingia chini ya ardhi kwa nusu karne.

Tafakari maana yake. Mvua ileile iliyobomoa matembe, iliyoozesha mtama shambani, iliyokata barabara, ndiyo iliyolinywesha jiji kwa miaka iliyofuata. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyoharibu vibaya reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe yanakumbukwa kwa hasara yake, na ni haki. Lakini mvua nzuri kwa bonde la Makutupora ni mvua mbaya karibu kwa kila mtu mwingine. Sensa ya 2022 ililikuta Jiji la Dodoma na watu 765,179, na tangu Serikali ihamie idadi inaendelea kupanda. Jiji la namna hii haliwezi kupangiwa maji kwa wastani wa mvua wa mwaka. Lipangiwe kwa urefu wa pengo kati ya msimu mkubwa mmoja na mwingine. Swali la kumuuliza mpangaji yeyote wa maji ni hili: El Niño ijayo ikichelewa miaka 15, tutakunywa nini? Bwawa la Farkwa wilayani Chemba limezungumzwa kwa miaka mingi kama sehemu ya jibu, na mabonde ambayo maji ya mafuriko hupenyea yalindwe yasimezwe na viwanja, kwa sababu wingu kubwa likija litahitaji mahali pa kuingilia.

Wapo na wengine ambao mvua kwao ina maana yake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Bihawana, ambaye huvuna mara mbili kwa mwaka, huiogopa mvua ya Februari na Machi inayokuta vishada vimeiva, kwa sababu huleta kuvu na kupasua matunda. Mfugaji wa Bahi huitazama mvua kwa jicho la lambo: limejaa, halijajaa. Mkulima wa mpunga wa Bahi hiyohiyo hungoja maji yaliyonyesha mbali, yanayoletwa na mto Bubu. Ndani ya mkoa mmoja, siku moja, watu watatu wanaweza kusema mvua wakiwa wanasema mambo matatu.

Mjini nako mvua imekuwa kipimo cha wingi: mvua ya mabao, mvua ya risasi, mvua ya matusi. Hayo ni matumizi ya mahali ambapo mvua hufurika. Ugogo utayasikia, hasa kwa vijana wa mpira, lakini sifa ya kwanza ya mvua huko ni kuja kwake. Mgeni akifika pamoja na wingu huambiwa amekuja na baraka, na wanaomwambia hivyo wanamaanisha. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mahali mvua inapopita kwa jirani, msemo huo una uzito wake kamili: usimsikilize anayesema mvua ni nzuri mwaka huu mpaka ujue shamba lake liko wapi.

Nini kifanyike? Sehemu ya jibu ipo tayari. Kijiji cha Chololo, si mbali na jiji, kimeipa nchi mashimo yanayoitwa kwa jina lake: vishimo vidogo vyenye kina cha sentimita 30 hivi, vilivyochimbwa kwa mstari na kutiwa samadi, ambavyo huidaka mvua iliyonyesha kwa kishindo na kuishikilia karibu na mizizi. Shimo la Chololo huigeuza mvua moja iwe kama mvua mbili, na kwa nchi inayohesabu mvua hilo ni jambo kubwa. Paa la bati lenye mita za mraba 60 hupokea lita 34,200 kwa mwaka wa wastani. Ukitoa moja ya tano inayopotea, zinabaki zaidi ya lita 27,000, sawa na ndoo 1,368 za lita 20. Kila shule na kila zahanati iliyoezekwa bati bila mfereji wa paa na tangi inayaachia maji hayo yaende korongoni huku watoto wakitembea kuyatafuta.

Kinachokosekana ni hesabu iliyoandikwa. Mvua ya madoa haiwezi kujulikana kwa kipimo cha uwanja wa ndege peke yake. Ninaiomba kila halmashauri ya nyanda za kati ihakikishe kuna kipimamvua katika kila shule ya msingi, na mwalimu wa zamu aandike kila asubuhi saa tatu. Ninawaomba wahariri wa redio za mikoani wasome utabiri hadi ukurasa unaotaja vipindi vya ukavu, na wautangaze huo kabla ya neno wastani. Na wewe msomaji mwenye shamba, usingoje halmashauri. Chukua kopo lenye ubavu ulionyooka, liweke juu ya kigingi mahali pa wazi mbali na mti na nyumba, na kila baada ya mvua pima kina cha maji kwa rula ya mtoto wa shule. Andika tarehe, andika milimita, kisha mwaga maji. Msimu ukiisha utakuwa na idadi ya mvua zako, ukubwa wa kila moja na siku zilizopita katikati yake, na ofisa ugani atakapokuja kukuuliza mwaka ulikuwaje, mpe daftari hilo alinakili.